N Mbili

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole cha baba. Kilikuwa kinapita juu ya maandishi ya kitabu cha gari haraka mno, kama mtu anayefuta vumbi mezani. Mimi husoma kwa kidole, kwa hiyo najua mwendo wake. Kidole kinachosoma husimama penye neno refu, hurudi nyuma, huanza tena. Cha baba hakikusimama popote. Kilifika chini ya ukurasa, naye akakifunga kitabu na kusema, "Haya. Ni vilevile kama alivyosema Pruitt."

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwezi wa nne, na jangwa la Arizona lilikuwa limeanza kufukuza watu kwa joto. Kila siku nyumba tatu au nne za magurudumu, zile zinazojiendesha kwa injini, ziliondoka kambini kuelekea kaskazini. Yetu ilikuwa iondoke kesho yake. Baba na mama walikuwa wamepata kazi ya kutunza kambi ya ziwani, kule milimani: kupokea wageni, kusafisha vyoo, kuuza kuni. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini pa kuegesha na umeme ni bure mpaka mwezi wa kumi. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba nyumba yetu ikishaegeshwa pale langoni isiondoke msimu mzima.

Na mama alikuwa anasafishwa damu kwa mashine kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kliniki ya kule ilikuwa mjini, maili arobaini kutoka ziwani. Ndiyo maana gari letu dogo la kutembelea lilikuwa lazima lifike likiwa zima. Mama alikuwa akilipigapiga bodi na kusema, "Hili ndilo figo yangu ya tatu. Mbili za kwanza zimestaafu."

Zamani mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akiliendesha gari hilo nyuma ya nyumba tunapohama. Tangu Krismasi hakuweza tena, maana akitoka kwenye mashine mikono hutetemeka. Mimi nina miaka ishirini na mbili na sina leseni. Leseni ina mtihani wa kusoma, na shule niliiacha darasa la nne tulipoanza kuhamahama. Basi ikabidi gari livutwe na nyumba, magurudumu yake yote manne yakiwa chini. Watu wa kambini huliita gari la namna hiyo "chura".

Dukani kwa mafundi walitaka dola elfu tatu na mia mbili kulitengeneza liwe chura. Baba alicheka kidogo, akawashukuru, akavaa kofia yake. Siku ya pili alinunua chuma cha kuvutia kutoka kwa mjane mmoja wa kambini aliyekuwa anauza vitu vya marehemu mumewe. Mjane alimpa na karatasi ya maelekezo, imekunjwa vizuri kwenye bahasha. Ilikuwa na picha tupu.

Kwa picha, baba hana mpinzani. Siku mbili alilala chini ya gari. Alifungua bampa, akafunga bamba la chuma kwenye fremu kwa boliti nane, akatoboa, akakaza, akapima kwa kamba mpaka chuma kikalala sawasawa kati ya gari na nyumba. Akaweka kisanduku cha kukanyaga breki mbele ya kiti cha dereva, na ile waya nyembamba ya kufunga breki ikiwa gari litachomoka. Kila kitu kilikuwa na picha yake.

Ukurasa wa gia haukuwa na picha. Ule ulikuwa kwenye kitabu cha gari lenyewe, maneno matupu, juu mpaka chini.

*

Pruitt alikuwa jirani yetu, dereva wa malori aliyestaafu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, mbwa chini ya miguu, akisimamia kazi ambayo hakuombwa kuisimamia.

"Orrin, unahangaika na kitabu cha nini?" alimwambia baba. "Mimi nimevuta chura kutoka Florida mpaka Alaska. Nilishakwambia, weka gia kwenye N, ufunguo zungusha hatua moja usukani usijifunge, basi. N maana yake Nenda."

Mama alikuwa amelala kitandani, dirisha liko wazi. Tulisikia sauti yake kutoka ndani. "Pruitt, na mimi nina N yangu. Nyamaza. Nimetoka mashineni, nataka kulala."

"Samahani, Verlene. Lakini yangu imefika Alaska."

"Ingekuacha hukohuko."

Baba akacheka, akaingia ndani ya gari, akavuta gia kubwa mpaka N, injini isishike magurudumu. Akatoka, akaliegemea kwa bega. Gari likasogea bila kugoma. "Unaona?" alisema, lakini alikuwa hamwangalii mtu. "Limelegea kabisa."

Kisha tukapima taa. Kazi ya taa ni yangu. Baba hukaa kwenye usukani wa nyumba, mimi husimama nyuma ya gari nimwambie ipi imewaka. Kwa sababu sipigi kelele, tuna ishara zetu anazoziona kwenye kioo: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mikono yote miwili juu kwa breki. Watu wa kambi walikuwa wanapita na vikombe vyao vya kahawa.

"Tazameni," Pruitt aliwaambia, "binti Haskett anaelekeza ndege itue."

Wakacheka, si kwa ubaya. Nikaishusha mikono kabla ya breki, baba akatoa kichwa dirishani. "Shelby, breki vipi?" Nikainua vidole viwili tu, hapa kiunoni. Akaelewa.

Walipokwenda kunywa kahawa kwa Pruitt, nilichukua kile kitabu nikaingia nacho chooni. Kwenye nyumba ya magurudumu choo ndicho chumba pekee chenye mlango wa kufunga. Nilikalia kifuniko, nikaweka kidole kwenye neno la kwanza.

Nilichukua muda mrefu. Mama aligonga mara moja akauliza kama naumwa tumbo, nikasema kidogo. Gari letu lina gia mbili, ile kubwa ambayo kila mtu anaijua, na mkono mdogo pembeni yake wa kuingiza nguvu kwenye magurudumu yote manne. Kila moja ina N yake. Kitabu kilisema mkono mdogo ndio uwekwe N, halafu gia kubwa irudishwe P, ile ya kuegeshea. Kikasema ukiweka N ya gia kubwa peke yake gari litasogea ukilisukuma, lakini barabarani giaboksi itazunguka bila mafuta kuifikia, na itaungua. Mstari huo ulikuwa umeandikwa kwa herufi nene.

Nikausoma tena. Nikausoma mara ya tatu, nikitafuta mahali nilipokosea.

Nilipotoka, walikuwa wamesimama mbele ya gari wakizitazama pini za chuma cha kuvutia. Nilikwenda mpaka karibu na kiwiko cha baba.

"Baba," nilisema, "ule mkono mdogo..."

"Mkono mdogo umefanya nini?" Pruitt aliuliza.

"Labda na wenyewe una... labda uwekwe..."

"Subiri kwanza, mama dereva. Una leseni wewe?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Mwache, Pruitt," baba alisema. Kisha akanigeukia kwa upole. "Kitabu nimekisoma, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Nilikuwa na maneno mawili tayari mdomoni: kitabu kinasema. Nikayatazama macho ya baba. Niliyaona yakikikwepa kile kitabu kwapani kwangu, nikayameza maneno yangu.

*

Jumapili asubuhi tukaondoka. Mama alikaa mbele na mto wake wa mgongoni na chupa ndogo ya maji anayopimiwa kwa siku, maana yakizidi hubaki mwilini. Mimi nilikaa nyuma kabisa, juu ya kitanda chao, nikilitazama gari dogo kwa dirisha la nyuma. Lilikuwa linatufuata kwa adabu. Usukani wake ulikuwa unajigeuza wenyewe kwenye kona, kama kuna mtu.

Baada ya maili kumi baba alisimama kando ya barabara, kama wafanyavyo wote, kuyashika magurudumu moja moja kwa kiganja. Ikiwa breki inashikilia, gurudumu huwa la moto.

"Baridi," alisema la kwanza. "Baridi. Baridi. Baridi kama pua ya mbwa wa Pruitt." Uso wake ulikunjuka. Alikuwa amefanya kazi ile peke yake, bila dola elfu tatu za mtu.

Niliinama nikapeleka mkono chini ya tumbo la gari, katikati. Sikugusa. Joto lilinifuata kiganjani kabla sijafika.

"Huku chini pana joto," nilisema.

"Lami ya jangwani hiyo, mwanangu. Panda twende."

Nikapanda. Barabara ile ina nguzo ndogo za namba, moja kila maili. Nilijiambia tukifika nguzo ya kumi na tano nitasema. Tulipofika nikajiambia ishirini, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kusimama. Kwenye ishirini mama alikuwa anamchekesha baba, nikasikia kicheko chake, na sikuwa nimekisikia wiki nzima. Nikajiambia ishirini na tano. Mlima ukaanza, injini ya nyumba ikanguruma, na chini ya gari dogo nikaona kitu kama uzi wa kijivu kinaburutwa. Nikafikiri ni vumbi. Sikufikiri ni vumbi, nilitamani liwe vumbi.

Nguzo ya thelathini uzi ukawa kitambaa.

Nilitembea kutoka nyuma nikishika makabati. "Baba, simama." Hakusikia. Injini ya nyumba iko mbele, kati ya viti viwili, na mlimani haisikilizani na mtu. "Baba," nikasema tena. Mama akageuka, akaona mdomo wangu unasogea, akaweka mkono nyuma ya sikio.

Nikapiga kelele. Nilisema "Simama!" kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Baba akakanyaga breki kwa woga tu, vikombe vikaanguka kabatini, tukaishia kwenye changarawe kando ya barabara.

*

Chini ya gari palikuwa panadondoka mafuta mekundu, na harufu ilikuwa ya sufuria iliyosahaulika jikoni. Baba alipiga magoti. Malori yalikuwa yanapita karibu, kila moja linatutikisa.

"Nimekosea wapi?" aliliuliza gari. "Nimekosea wapi?"

Alikwenda akachukua kitabu. Akasimama nacho mkononi kimefungwa, kidole gumba juu ya jalada. Kisha akakinyoosha upande wangu bila kunitazama.

"Jua hili linaniumiza macho," alisema. "Nisomee."

Nikasoma. Nilisoma kwa kidole, nikikwama, nikirudi, na yeye hakuniharakisha. Nilipomaliza alisema, "Soma tena pale pa mkono mdogo." Nikasoma tena.

"N mbili," alisema polepole. "Kumbe ziko N mbili."

Mama alikuwa ameshuka, ameshika mlango wa nyumba ili asimame. "Orrin, si ulikisoma jana?"

"Nilikisoma vibaya."

Mama alimtazama. "Haya," alisema, akarudi ndani.

Baadaye sana mama aliniambia alijua tangu mwaka wa tatu wa ndoa yao. Kila walipokula hotelini, baba alikuwa akisubiri yeye aagize, halafu anasema, na mimi vilevile.

Tulisubiri kwa muda wa saa mbili gari lipoe. Baba akaongeza mafuta ya gia, akaweka mkono mdogo kwenye N, gia kubwa P, akafanya jaribio ambalo kitabu kilitaka, nami nikimsomea hatua kwa hatua. Tukafika ziwani jioni kwa mwendo wa kobe. Gari lilipofunguliwa likawaka na kusogea, lakini lilikuwa linalia, sauti nyembamba kama mbu aliyefungiwa chumbani. Hakuna aliyeitaja sauti hiyo wakati wa kula maharage.

*

Jumanne mama alitakiwa awe kwenye kiti cha mashine saa tano asubuhi. Tuliondoka saa tatu. Mpaka maili ya ishirini gari lilikwenda likilia, baba amekaa mbele kabisa ya kiti, kama anayelisukuma kwa kifua. Kisha kuna mwinuko. Katikati ya mwinuko injini ikapiga kelele na gari likapunguza mwendo. Baba akaongeza moto, kelele ikaongezeka, mwendo ukapungua.

"Linateleza ndani," alisema.

"Lipumzishe," mama alisema. "Hata mimi hupumzishwa."

Tukalipumzisha. Likapanda kidogo, likateleza, tukalipumzisha tena. Magari yalikuwa yanatupita, mengine yakipiga honi. Mama alishusha soksi, akabonyeza mguu wake kwa kidole, na shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Akaona ninatazama, akaivuta soksi juu.

Tulifika saa saba kasoro robo. Msichana wa mapokezi alikuwa na sauti nzuri. "Kiti chako kilikuwa cha saa tano, mama. Tumempa mgonjwa mwingine."

"Tumeharibikiwa na gari," baba alisema.

"Naelewa, bwana. Nina nafasi kesho alfajiri. Pumzi ikikubana kabla ya hapo, nendeni hospitali, msisubiri."

"Tumetoka mbali. Nakuomba, dada."

"Wote wametoka mbali, bwana."

Baba alikuwa ameshika kofia mbele ya tumbo. Msichana akampa fomu ya kuchelewa ajaze. Baba akaitazama, akapapasa mfuko wa shati kama anayetafuta miwani. Hana miwani. Nikaichukua ile fomu mkononi mwake nikakaa nayo pembeni, nikaijaza kwa herufi kubwa kubwa, moja moja. Palipoandikwa sababu ya kuchelewa niliandika: gia.

Mama hakuweza kulala chali. Tulimwegemeza kwa mito na makoti kwenye kiti cha gari, palepale uwanjani kwa kliniki, na kila alipovuta pumzi mimi na baba tulinyamaza mpaka aitoe. Aliitoa kila mara. Alfajiri wakamchukua wa kwanza. Alipotoka, uso umesinyaa kwa maji yaliyotolewa, alisema, "Sasa nani ana mkate?" Baba akaenda nyuma ya gari, akakaa huko peke yake.

Fundi wa mjini alikuwa mzee wa nywele nyeupe. Alinusa mafuta kwenye kidole chake. "Mlikwenda maili ngapi hivi?"

"Thelathini na moja," baba alisema.

"Mngefika hamsini ningewapa bei ya chuma chakavu. Hivi bado kuna kitu cha kuokoa. Nani aliyesimamisha?"

Baba akaniwekea mkono begani. "Huyu."

*

Baba aliuza jenereta, gari likatengenezwa. Bado linalia kidogo kwenye baridi, lakini mwinuko linaupanda, na mama hajakosa kiti tena.

Sasa baba amekuwa na hadithi. Kila wageni wapya wanapofika langoni na gari nyuma, huwauliza wameweka gia gani, kisha huanza. Husimulia harufu, moshi, kelele niliyopiga. "Akakifungua kitabu palepale barabarani," huwaambia, "akasoma kama wakili. Angechelewa kidogo, nisingekuwa na gari, na nisingekuwa na mke." Wageni hunigeukia na kuuliza, ulijuaje, binti? Mimi huinamisha kichwa. Wanafikiri ni aibu yangu ya kawaida.

Mwezi uliopita alileta kitabu cha mtihani wa leseni kutoka mjini, akakiweka mezani kati ya vikombe. "Tukisome," alisema. Hakusema nisomee, wala kisome. Jioni, kabla jua halijazama, tunakaa nje, mimi na kidole changu, yeye na kidole chake nyuma ya changu. Siku hizi chake kinasimama. Tumefika ukurasa wa kumi na tisa. Kwenye alama za barabarani ananishinda, anazijua zote kwa picha.

Baba, siku moja utaweza kusoma hii peke yako, kwa hiyo naiandika hapa. Si barabarani nilikojulia. Nilijua tangu Jumamosi. Nilisoma ule ukurasa mara tatu chooni, na nililielewa kila neno. Pruitt alinicheka, lakini si yeye aliyenifunga mdomo. Nilikuwa nimekiona kidole chako. Niliona heri gari liungue kuliko watu wa kambi wajue, na nilipokuwa ninapima hayo mawili, mama sikumweka kwenye mizani kabisa.